Mkalimani wa Lubaga aliyejifunza tabuleti kwa kuishuku

Saa mbili asubuhi haijatimia, na benchi la wagonjwa limeshajaa. Katika chumba cha mwisho cha kliniki moja ya hisani, mteremkoni Lubaga, Sumayiya Abudu anaitoa tabuleti kwenye kava lake jeusi na kuilaza kifudifudi mezani.

Anaikagua. Anapitisha kidole juu ya kipande cha plasta ya kidonda alichokibandika kwenye kamera ya nyuma, kisha juu ya kingine kilichoziba kamera ya mbele. Anachungulia kitundu chembamba ukingoni, mahali mashine inaposikilizia. Anaiwasha, anatelezesha kidole kutoka juu ya kioo kwenda chini, na kugusa picha ndogo ya ndege. Mtandao umekatika. Utarudi mgonjwa akikubali, si kabla.

Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya.

"Na simu yako?"

Iko mfukoni, anajibiwa.

"Imelala ama imezimwa?"

Imelala.

"Kulala si kuzimwa," anasema, bila tabasamu. "Zima, uweke pale dirishani. Ukitaka maneno yangu, andika na kalamu."

Ndivyo mazungumzo haya yalivyofanyika, kwa kalamu, simu ikiwa dirishani.

Sumayiya, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, ni mkalimani. Kampala ina wauguzi wengi wanaojua Kiganda na Kiingereza, lakini kwenye benchi la kliniki hii huketi watu wasiojua hata kimoja: kina mama waliokimbia Kongo, Wakenya waliokuja kutafuta kazi na biashara, wachukuzi na wapishi. Lugha yao ya pamoja ni Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake. Sumayiya hukaa kati yao na muuguzi, akibeba maneno kutoka upande huu kwenda upande ule.

Ni Mnubi, mzaliwa wa Bombo, wa ukoo ulioletwa Uganda na askari wa Kisudani enzi za ukoloni. Nyumbani walisema Kinubi. Kiswahili alikipata kwa baba yake, aliyekuwa dereva wa polisi, na anasema hakikumletea marafiki.

"Wakati nilikuwa mtoto, ukisema Kiswahili dukani watu wananyamaza," anasimulia. "Wanajua hicho ni Kiswahili cha jeshi. Wanafikiri umetumwa. Mimi nimetumwa sukari tu, lakini wananitazama hivi." Anakaza macho na kubana midomo, na kwa muda mfupi uso wake unakuwa wa mtu mwingine.

Kazi ya kliniki aliipata baada ya mumewe kufariki. Hulipwa kwa siku anazofika. Asipofika hapati kitu, na chumba chake cha Kasubi hakina mlipaji mwingine. Mwanawe wa kwanza, Tamim, anaendesha lori upande wa Juba na hutuma msaada anapoweza. Kwa jina la kijana huyo, wafanyakazi wote humwita Mama Tamim.

Mwanzoni mwa mwaka jana, wafadhili walileta boksi.

Ndani yake kulikuwa na tabuleti, kitu ambacho wataalamu wa Kiswahili hukiita kishikwambi, pamoja na vifaa vyake: chaja, kibodi ya kukunja, kalamu ya kuandikia juu ya kioo, iyafoni za masikioni, na spika ya mviringo ya kutundikwa ukutani. Tabuleti ilikuwa na programu ya kutafsiri. Mgonjwa anasema Kiswahili, na Kiingereza kinatokea kwenye kioo mbele ya muuguzi.

Muuguzi mkuu, Sista Atim, alimwambia Sumayiya kwamba yeye ndiye angefundishwa wa kwanza, kwa sababu ndiye anayekaa na wagonjwa.

"Nilisema kale, sawa," anakumbuka. "Lakini moyoni nilijua. Wananifundisha kuwasha mtu atakayenifukuza kazi."

Mwalimu alikuwa Nashon Ondiek, kijana Mjaluo kutoka Kenya, ambaye ana kibanda cha kuuza chaja, kava na iyafoni Kabalagala. Kliniki ilimwomba aje mchana, mara mbili kwa wiki. Nashon anacheka sana anapokumbuka somo la kwanza.

"Nilimwambia, 'Mama Tamim, bonyeza hapa pembeni.' Akaniuliza, 'Nikibonyeza, nani atajua nimebonyeza?' Nikamwambia hakuna, mama, inawaka tu. Akauliza, 'Wewe umejuaje kwamba hakuna?'"

Wanafunzi wake wengine, anasema Nashon, huanza kwa kuuliza muziki uko wapi na picha zinapigwaje. Huyu aliuliza kila kitu kinapeleka wapi.

Kava lilimpa taabu kwanza. Kila alipolifunua, kioo kiliwaka chenyewe. Alilifunika, akalifunua, likawaka tena, naye akasukuma kiti nyuma. Nashon alimwonyesha sumaku iliyoshonewa ndani ya kava. Aliigusa, lakini hakuridhika. Kitu kinachoamka bila kuamshwa, alisema, hakiwezi kuachwa chumbani na wagonjwa.

Vidole vyake navyo vilikuwa vigumu kwa miaka mingi ya jikoni. Kioo hakikuvisikia. Alipokaza, kilisikia kupita kiasi na kufungua mambo ambayo hakuyataka. Nashon alimpa kalamu, na kwa kalamu akaanza kwenda vizuri: kuwasha, kuzima, kuongeza sauti, kupunguza, kuandika jina la mgonjwa, kurudi mwanzo.

Halafu likaja suala la waya.

"Nilimwuliza, huu waya wa chaja unapeleka umeme tu, ama na maneno?" anasema Sumayiya. "Akasema umeme tu, mama. Jioni hiyo hiyo akachukua waya ule ule, akauchomeka kwenye kompyuta yake, nikaona picha zote za somo zinahamia kule. Nilimtazama. Kutoka siku ile, kila alichosema nilikipima mara mbili."

Nashon anakiri. "Nilisema hivyo ili asiogope. Nilifikiri ni jambo dogo."

Programu ya kutafsiri ilipoanza kazi, ilikosea mara kadhaa. Mgonjwa mmoja alisema anasikia kizunguzungu, na mashine ikaandika kwamba mama huyo anasikia lugha ya Wazungu. Chumba kizima kilicheka, mgonjwa naye akacheka alipoelezwa. Lakini siku nyingi ilipatia. Hilo, Sumayiya anasema, ndilo lililomnyima usingizi.

Mgonjwa yule wa kizunguzungu tutamwita Huguette. Si jina lake; hata katika nukuu zilizo hapa limewekwa badala ya jina lake halisi. Alikubali kutajwa kwa sharti kwamba ajichagulie jina mwenyewe, na kwamba asomewe makala haya kabla hayajachapwa. Yote mawili yalifanyika.

Huguette alitoka Kivu Kusini akiwa na mimba ya kwanza. Mume wake alikuwa amefariki, na ndugu za mume walitangaza kwamba mtoto akizaliwa ni wao, mama atajijua. Alikimbia usiku na begi moja. Kampala alipata kazi ya kumenya ndizi katika mkahawa mmoja wa Kabalagala, na chumba karibu na hapo. Baadaye akasikia kwamba shemeji yake mmoja ameonekana mjini akiuza vitenge.

Presha yake ilikuwa juu. Sista Atim alimtaka aje kila wiki bila kukosa.

Siku ya pili alipokuja, Huguette aliitazama tabuleti mezani, akanyamaza. Sumayiya alimwuliza kwa nini hasemi.

"Mama, ile kitu ikisikia, inaweka wapi?"

"Inasikia, mwanangu. Inatafsiri, halafu inasahau."

Ndivyo Nashon alivyomfundisha: inasikia, inatafsiri, inasahau. Sumayiya aliyarudia maneno ya Nashon kama yalivyokuwa. Huguette akamwamini, akasema yote: jina, anakokaa, kaburi la mume, shemeji.

"Mimi niliyemshuku kila mtu," anasema Sumayiya. "Hilo moja sikulipima."

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Wagonjwa walikuwa wamejaa hadi mlangoni, na Sista Atim alipita akimwambia Sumayiya aweke tangazo la malaria. Matangazo ya namna hiyo yalichezwa kwenye tabuleti na kusikika kwenye spika, ambayo Nashon alikuwa ameitundika juu ya mlango wa ukumbi wa kusubiri. Hapakuwa na waya kati yake na tabuleti. Sumayiya aliwahi kufanya kazi hiyo mara chache, Nashon akiwa kando. Siku hiyo Nashon hakuwapo.

Alifungua orodha ya sauti. Ilikuwa ndefu kuliko alivyoizoea. Aligusa ya juu kabisa, akidhani ndilo tangazo.

Kutoka juu ya mlango, mbele ya watu wote, sauti ya kike ikasema: "Minaitwa Huguette. Minaikala Kabalagala, nyuma ya ile baa ya rangi ya majani. Mama, shemeji asijue kama niko huku..."

Sumayiya alibonyeza kitufe cha pembeni, na sauti ikapanda. Alibonyeza kingine, kioo kikawa cheusi, lakini sauti ikaendelea. Mashine ilikuwa imelala tu, haikuzimika. Aliivua shali yake, akaizungushia tabuleti na kuikumbatia kifuani, ilhali sauti haikutoka humo. Ilitoka kule mlangoni, juu ya vichwa vya watu, ikisimulia kaburi.

Sista Atim ndiye aliyepanda juu ya kiti na kuing'oa spika kwenye msumari.

Huguette alikuwa ameketi benchi la pili. Alisimama, akachukua mfuko wake, akatoka bila kumtazama mtu. Kwenye benchi la nyuma walikuwa wanaume wawili waliokuwa wakizungumza Kiswahili cha Kongo. Mmoja akamwuliza mwenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huguette gani huyo?"

Sumayiya hulinukuu swali hilo neno kwa neno. Mpaka leo hajui wale walikuwa nani. Pengine walikuwa wagonjwa tu.

Mchana wake aliitwa ofisini.

"Mama Tamim," Sista Atim alianza, "hii mashine hukuitaka tangu mwanzo."

"Sikuitaka."

"Na leo imetuaibisha mbele ya watu, mikononi mwako."

"Unasema nilifanya makusudi?"

"Sisemi. Nauliza."

Sista Atim hafichi jambo hilo. "Nilimshuku," alimwambia mwandishi. "Nilijiuliza, mtu anayeogopa kupoteza kazi anaweza kufanya nini? Nilimwambia akae nyumbani mpaka tujue. Nikimkumbuka alivyotoka mlangoni, sijisikii vizuri."

Sumayiya alikwenda nyumbani Kasubi, na siku zake zikaanza kupita bila malipo. Anasema hakulia. Alikaa akifikiria jambo moja: ile orodha ndefu. Sauti ya Huguette isingekuwamo kama mashine ingesahau. Na kama ya Huguette imo, je, ni nani wengine wamo?

Alipanda boda hadi Kabalagala, kwenye kibanda cha Nashon. Kijana huyo alikuwa amekwisha kupata habari. Alipomwona akashuka kwenye kigoda, mikono mbele.

"Mama, kabla hujanigombeza..."

"Sikuja kugombeza. Nifundishe upya," Sumayiya akamkatiza. "Na safari hii uniambie na yale usiyoyajua."

Nashon anasema hakuwahi kuombwa kitu kigumu hivyo. Alichukua tabuleti yake ya kuuza, akaweka programu ile ile, wakaketi juu ya kreti za soda nyuma ya kibanda. Wakasema maneno ndani yake, ovyo tu, bei ya nyanya na mvua. Kisha wakaanza kuyatafuta yamekwenda wapi.

Waliyakuta. Ndani ya programu kulikuwa na picha ya gurudumu dogo, na ndani ya gurudumu kulikuwa na mistari mingi ya Kiingereza ambayo Nashon hakuwahi kuisoma hadi mwisho. Mstari mmoja ulisema sauti zihifadhiwe. Ulikuwa wazi tangu programu ilipotoka kwa walioitengeneza. Hakuna aliyeufungua, wala hakuna aliyeufunga.

"Nilihisi aibu kubwa," anasema Nashon. "Nilimfundisha mama huyu neno 'inasahau' kwa mdomo wangu, kwa sababu na mimi niliambiwa hivyo."

Siku zilizofuata Sumayiya alirudi tena na tena kwenye kreti zile. Alijifunza kusimamisha sauti kabla ya kujifunza kuiwasha. Alijifunza kuitenga spika na tabuleti, na kuthibitisha kwamba kweli zimetengana: anakwenda kusimama chini ya spika, anasikiliza, anarudi. Alijifunza kuchomeka iyafoni na kuhakikisha hakuna kinachovuja nje. Alijifunza kuzima kabisa, kidole kikikaa kwenye kitufe mpaka mashine iulize kama una hakika.

Alijifunza pia kufuta, na hapo akagundua jambo lililomkasirisha kuliko yote. Ukifuta, hakijafutika. Kinakwenda kwenye pipa, na pipa nalo hukaa nacho kwa muda. Ni lazima uende kwenye pipa ukafute tena.

"Nikamwuliza Nashon, na baada ya pipa kuna pipa lingine?" anasema. "Akasema, mama, hapo sijui. Nikamwambia aksante. Hilo ndilo jibu la kwanza nililoliamini."

Wakaenda wote wawili kwa Sista Atim. Nashon alitangulia kusema kabla hajaulizwa. Sista aliifungua tabuleti ya kliniki, akagusa walipomwonyesha, na orodha ikashuka chini ya kidole chake, majina na tarehe, kina mama aliowajua mmoja mmoja.

Aliufunga mstari ule papo hapo, akawaandikia wafadhili, akamwomba Sumayiya radhi. Alitaka kufuta sauti zote palepale, zisiwepo tena.

Sumayiya alimshika mkono. "Ngoja, Sista. Hizi sauti zina wenyewe. Tukifuta kimya kimya, tumewadanganya mara ya pili."

Walikubaliana kwamba kila mgonjwa ataelezwa atakaporudi. Lakini Huguette hakuwa amerudi, na presha yake haikuwa ya kusubiri.

Sumayiya akaenda kumtafuta. Nyuma ya baa ya rangi ya majani, mwenye nyumba alisema hamjui mtu wa jina hilo. Alisema huku amesimama katikati ya mlango, mkono mmoja kwenye fremu. Mkahawani, wanawake waliokuwa wakimenya ndizi uani walitazamana.

"Huguette? Hapa hakuna."

Sumayiya aliyajua macho yale. Hakubisha. Aliketi kwenye kigoda kilichokuwa wazi, akachukua kisu, akaanza kumenya. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsemesha. Sufuria ya kwanza ikajaa, ya pili ikaanza.

Huguette alikuwa nyuma ya mlango wa jiko muda wote huo. Alitoka mwishowe, miguu imevimba, akasimama mbali.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mwanangu."

"Ule muntu wa benchi, unamujua?"

"Simjui. Na siwezi kukuambia si mtu mbaya, maana sijui."

"Uliniambia inasahau."

"Nilikuambia. Na haisahau. Nimeona kwa macho yangu. Sauti yako bado imo."

Wanawake waliacha kumenya. Huguette alikaa chini juu ya gunia la mkaa. Anasema angesikia neno lolote la kumbembeleza siku ile, angeondoka Kampala usiku huo huo. "Lakini mama alisema bado imo," anaeleza. "Muntu wa kukudanganya hawezi kusema vile."

Aliuliza maswali mengi. Nani mwingine ameisikia? Inakaa ndani ya ile mashine tu, au na pengine? Sumayiya alijibu aliyoyajua, na penye asichokijua akasema hajui. Mwishoni Huguette akatoa sharti lake.

"Nitarudi. Lakini ile kitu nitashika mimi. Wewe hapana, Sista hapana. Mimi."

Alikuja kesho yake kwa mlango wa nyuma. Sista Atim alimpima, akatikisa kichwa, akaanza kuandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Wakati anaandika, Sumayiya aliweka tabuleti mapajani mwa Huguette na kuketi kando yake, mikono yake mwenyewe akiwa ameikalia ili isije ikasaidia.

"Bonyeza pembeni. Ndiyo. Sasa shusha kidole kutoka juu. Unaona ndege? Gusa."

Huguette aligusa. Alipoikaribia sauti yake, waligawana iyafoni, sikio moja moja. Aliisikiliza yote hadi mwisho, macho kwenye kioo. Hakulia hata ilipofika kwenye kaburi.

"Nilisema mingi hivi?" akauliza.

Kisha akaifuta. Akaifuata kwenye pipa, akaifuta na huko.

"Imeenda wapi?"

"Nashon anasema imekwisha," Sumayiya alimjibu. "Mimi Nashon namwamini kiasi."

Huguette alilazwa hospitali wiki hiyo. Madaktari hawakusubiri miezi itimie. Mtoto wa kike alizaliwa mdogo, akakaa kwenye chumba cha joto, akaongezeka, na sasa ananyonya kwa nguvu. Mama yake naye ni mzima. Amehama, mtaa anaokaa hautajwi hapa. Shemeji hajaonekana, na hakuna ajuaye kama maneno ya Jumanne ile yalimfikia. Huguette bado hutazama kwanza pande zote mbili kabla ya kuvuka barabara, na anasema si kwa ajili ya magari.

Sumayiya alirudishiwa kazi, na siku alizokaa nyumbani akalipwa. Tabuleti haikumfukuza. Kina mama wengi, wakishaelezwa, huchagua kuzungumza naye mashine ikiwa imezimwa. Wachache huchagua mashine, hasa wenye mambo ambayo hawataki mtu yeyote wa rika la mama yao ayasikie. Mwanzoni hilo lilimchoma. Siku hizi huwawashia, huwaonyesha mstari wa kuhifadhi ulivyofungwa, na kutoka nje.

Spika haijarudishwa juu ya mlango. Tangazo la malaria husomwa na mtu.

Sasa Sumayiya ana mpango, na Sista Atim amempa chumba. Jumamosi mchana, kliniki ikifungwa, anafundisha kina mama wa benchi namna ya kutumia tabuleti. Nashon huleta mbili za ziada kutoka kibandani kwake na kukaa kando, akijibu anapoulizwa.

Jumamosi iliyopita walikuja kina mama watano. Tabuleti zilikuwa mezani, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja, Mkenya anayeuza chai karibu na stendi ya boda, aliuliza kama kitu hicho kinaweza kumpigia simu mume wake chenyewe. Watu walicheka, lakini Sumayiya hakucheka. Alimwambia ni swali zuri, akaanza kulijibu.

Huguette alisimama akiwa amembeba mtoto mgongoni, akaivuta tabuleti moja mbele yake na kuiwasha.

"Muulize yote mabaya kwanza," akawaambia wenzake. "Mazuri mutayaona wenyewe."

Sumayiya anataka darasa hilo lifike Kasubi, na baadaye Kabalagala, penye wamenya ndizi wale. Anatafuta tabuleti kuukuu, hata zenye kioo kilichopasuka, mradi vitufe vifanye kazi. Somo lake la kwanza kwa kila mtu ni kuzima.

"Sitaki waipende," anasema, akikusanya iyafoni na kuzifunga kwa mpira. "Mimi mwenyewe siipendi. Ninataka siku moja mtu awasogezee hii kitu usoni, awaambie semeni, na wao wawe wanajua wanaweza kukataa. Na wajue kidole cha kukataa kinawekwa wapi."